Kata Kulia

Bosi wangu Faris alituonyesha picha kwenye simu tukiwa jikoni: barabara nyembamba ya mashambani huko Ufaransa, nyasi huku, ng'ombe kule, na katikati hakuna kitu. Hakuna gari, hakuna mtu, hakuna hata mbwa.

"Barabara zote kule ziko hivi," akasema. "Baada ya Idi tutatoka kijiji hiki mpaka kile kwa baiskeli, juma zima. Mabegi yatatangulia kwa gari."

Kwetu Bumala, kule Busia, ukiona barabara tupu namna hiyo ujue daraja limechukuliwa na maji. Lakini niliendelea kuosha vyombo. Nyumba yake, picha yake.

Mkewe, Madam Hala, alimrudishia simu bila kuitazama mara ya pili, na alikuwa na sababu. Hakujua kuendesha baiskeli. Alikulia hapo hapo Riyadh, na msichana wa enzi yake angeipandia wapi, sebuleni?

"Asiyejua atapanda gari la mabegi," Faris akasema, akacheka peke yake.

Alipotoka, Madam akanigeukia. "Roza, wewe unajua baiskeli?" Jina langu ni Rosebellah, lakini nyumba ile ilikuwa na haraka.

Nilicheka mpaka nikashika sinki. Najua? Mimi natoka Busia, ambako baiskeli ilibeba abiria pikipiki ikiwa bado ni ndoto. Mume wangu alipoondoka alichukua pikipiki na mwanamke mwingine, akaniachia blakmamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma kizito, ya marehemu babake. Nilishukuru. Kati ya vitu vyote vya boma lile, ni hiyo tu iliyokuwa na breki. Nikabebea ndizi hadi sokoni mvua na jua, na kama kuna shimo kwenye njia ile lisilolijua goti langu, basi lilichimbwa jana.

"Nifundishe," akasema. "Nikiweza, unakuja nami Ufaransa, unaendesha kando yangu. Nisipoweza, mimi nakaa na mabegi, na wewe unabaki Jeddah kwa mama mkwe wangu ukimenya vitunguu mpaka turudi."

Tangu nifike nyumba ile, safari yangu ndefu kwa miguu ilikuwa kutoka mlangoni hadi pipa la taka. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Tulielewana kwa Kiarabu changu cha jikoni, kile cha yalla, twende, na mafi, hakuna. Ile "kh" yao ya kukwaruza koo hainitoki. Khalas, basi yao, kwangu ni kalas, na khubz, mkate wao, ni kubuz. Walishachoka kunisahihisha, wananisahihisha kichwani, maisha yanaendelea.

Ramadhani ikaingia. Asubuhi ya Ramadhani Riyadh ni kama kuna mtu amefagia magari: mji mzima umekesha, sasa umelala. Jua likichomoza tu, Faris anatupeleka kwenye barabara ya mashamba ya tende nje ya mji, maana mwanamke kuonekana juu ya baiskeli bila mwanamume wa nyumbani karibu ilikuwa kesi. Anaegesha chini ya kivuli, analaza kiti, anakoroma mdomo wazi. Huyo ndiye alikuwa ulinzi wetu.

Barabara ilinyooka kati ya kuta za udongo na mitende, kimya hata ukasikia mnyororo ukitafuna meno. Nilimbana Madam abaya yake, lile buibui refu, kwa vibanio vya kuanikia nguo, nikashika kiti kwa nyuma, nikaanza kukimbia. Mimi ni Mwanglikana, lakini Ramadhani ile niliifunga kwa mapafu.

"Yalla, kanyaga! Kanyaga, Madam! Tazama mbele, hilo gurudumu halikimbii!"

Neno "kanyaga" alilishika siku ya kwanza. Mengine tuliyashika kwa michubuko. Alianguka mchangani, akaanguka ukutani, akaanguka akiwa amesimama, jambo ambalo sikujua linawezekana. Lakini yule mama ana kiburi, na kiburi kizuri kinashinda matairi mazuri. Kila mara aliinuka, akajipangusa, akadai vibanio vyake.

Asubuhi moja nikaachia kiti bila kumwambia. Akaenda. Akaenda moja kwa moja, mgongo wima kama mshumaa, nami nimebaki nyuma mikono yangu ikishika hewa.

Tungekuwa tumemaliza kama si kona. Barabara ile ilikuwa na moja tu, kwenye msikiti mdogo, inapinda kulia. Akiikaribia, nampigia kelele kama tunavyopigiana Busia: "Kata kulia! Kata!" Nikisema hivyo tu, anashtuka, anabana breki, chini. Nikadhani hasikii, nikaongeza sauti. Akaongeza kuanguka.

"Nimekosea wapi?" akaniuliza siku moja, akipuliza kiganja kilichochubuka.

Nikamwonyesha kona kwa kidole. "Hapo, Madam. Kata!"

"Najua," akajibu kwa uchungu. "Usirudie rudie."

Sasa mimi nikashangaa. Kama anajua, si akate?

Ramadhani ikaisha na kona imetushinda. Tukaenda Jeddah kula Idi kwa Bi Wahida, mamake Faris. Bi Wahida ni mzaliwa wa Unguja. Familia yake ilihamia Jeddah baada ya Mapinduzi, akiwa msichana. Kiarabu anacho cha kutosha kugombeza mji mzima, lakini Kiswahili chake hakijavuliwa ganda. Mwanawe Faris alirithi cha kulia chakula tu: wali, samaki, maandazi.

"Shikamoo, Bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Ndiwe unayemwangusha mke wa mwanangu?"

"Anaanguka mwenyewe, Bibi. Mimi nakimbia tu."

Siku ya pili ya Idi, asubuhi, tukashuka ufukweni, kwenye ile njia pana ya watembeao kwa miguu. Watu wote walikuwa wamelala na shibe yao. Faris alitakiwa kuwajibu wakodishaji wa kule Ufaransa siku hiyo hiyo: baiskeli ngapi? Akampangia mamake kiti cha kukunja na chupa ya kahawa, akatangaza sheria.

"Kutoka hapa kwa mama mpaka mwisho wa njia, anakunja kona, anarudi. Mguu ukigusa chini, gari la mabegi." Akacheka.

"Ukicheka tena utapanda na mabegi wewe," mamake akamwambia.

Hala akapanda. Vibanio viko tayari, mimi kando yake nakimbia. Alinyooka kama uzi wa fundi. Kona ikaja, nayo inapinda kulia.

"Kata! Kata kulia!"

Breki. Mguu chini.

Faris akatoa simu. Hala akaitupa baiskeli, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akanifokea, Kiarabu cha mbio mbio ambacho ndani yake nilidaka neno moja tu, langu mwenyewe: kata, kata, kata.

Nyuma yetu Bi Wahida alikuwa ameanza kucheka, mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanga.

"Ewe mwana wee! Unajua unamwambia nini huyu?"

"Namwambia akate kona, Bibi."

"Hivyo unasema wewe. Yeye anasikia khata, yaani kosa! Na hiyo kulia yako anasikia kulliyan, yaani kabisa. Mwezi mzima, kila akifika konani, unampigia kelele: Kosa! Kosa tupu!"

"Lakini mimi nasema kata, si khata! 'Kh' hainitoki!"

"Ndiyo maana akakusadiki! Si kila kitu chako huwa wanakisahihisha wenyewe?"

Nikakaa chini pale pale kwenye vigae. Bi Wahida akamgeuzia Hala habari hiyo kwa Kiarabu. Hala akanitazama. Akaitazama kona. Mabega yakaanza kutikisika, halafu kicheko kikamtoka hadi akanishika kichwa asianguke.

"Roza! Nami nakujibu najua, najua!"

"Na mimi najiuliza, kama anajua, anangoja nini?"

Akaiokota baiskeli. "Narudia."

"Sheria ni mara moja," Faris akasema.

"Sheria ya nani?" mamake akamuuliza. "Tia simu mfukoni kabla sijaitia baharini."

Mara hii sikukimbia. Nilisimama karibu na kiti cha Bi Wahida, mkono mdomoni, maana mdomo wangu ulishaharibu vya kutosha. Hala akanyooka, akaikaribia kona, na hapo nikasikia sauti yake mwenyewe, ya juu kuliko yangu ya Busia yote:

"Kata kuliaaa!"

Akalala na baiskeli, kibanio kimoja kikaruka, cha pili kikaruka, abaya ikafunguka nyuma kama bendera, na kona ikabaki huko nyuma. Akarudi kwetu miguu yote miwili juu ya pedeli, anacheka na kulia. Bi Wahida akapiga kigelegele ambacho nadhani kiliamsha Jeddah nzima.

"Na mwalimu je? Mpeni mwalimu baiskeli!"

Nikaichukua baiskeli ya Faris, aliyokuwa ameiegemeza nyuma ya kiti cha mamake, bila kumwomba. Nyepesi, utadhani ya karatasi. Nilikanyaga hadi upepo wa bahari ukanijaa masikioni, na nilipofika konani sikuhitaji mtu kuniambia chochote.

"Baiskeli tatu," nikamsikia Faris akisema kwenye simu.

Ile picha ilikuwa kweli. Kule Ufaransa barabara ni tupu hata ukajisikia mwizi. Siku ya kwanza tu Faris alitangulia, akijiona yeye ndiye ramani. Tukafika njia panda kati ya mashamba, akashika kushoto. Nyuma yangu Hala akaona kibao.

"Khata!" akampigia kelele mumewe. "Khata!"

Na mimi, miguu ya Busia ikisikia hivyo haiulizi, nikakata kulia. Kumbe ndiyo njia yenyewe. Hala akanifuata bila kugusa breki, tukapita ng'ombe waliotutazama kama tumewadai, tukateremka mpaka kijijini.

Faris alifika baada ya mabegi.