Mpangaji wa Dirisha la Juu

Mwanamke wa Kikorea alikuwa amesimama kwenye theluji bila kofia, na Mzee Idarusi akajua kwamba hatafika sehemu ya thelathini na tano akiwa hai.

"Huyu anakufa," alimwambia mkewe.

"Anaumwa nini?"

"Bado haumwi. Lakini amefunga skafu nyeupe, na amecheka mara mbili tangu tukae hapa. Wakorea hawampi mtu kicheko cha pili bure."

Bi Sabiha aliitikia kwa kichwa huku vidole vyake vikiendelea kusuka ukili pasipo msaada wa macho. Macho yenyewe yalikuwa yameingia ukungu tangu mfungo wa mwaka jana. Mtoto wa jicho, walisema hospitali, pande zote mbili. Televisheni kwake ilikuwa imebaki sauti, na mwanga unaocheza ukutani. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikaa mkekani, mumewe akakaa kwenye kiti cha kamba, na tamthilia ikaanza: picha zilikuwa za Mzee Idarusi, sauti zilikuwa za Bi Sabiha, na maana ikawafikia wote wawili kupitia kinywa cha Mzee Idarusi.

Maana hiyo ilikuwa na kasoro moja. Mzee Idarusi hakujua Kikorea.

Hakuwahi kulikiri hilo mbele ya kiumbe yeyote. Ukimuuliza, atakueleza habari za meli iliyokwama kwenye mvua siku kumi na tisa, zama zile akiwa dereva wa winchi bandarini, na mpishi wa meli hiyo, Mkorea mwenye vidole sita mkono wa kushoto, aliyemfundisha lugha nzima kwa kutumia chumvi, pilipili manga na kijiko. Siku ya kumi na tisa mvua ilikatika, meli ikaondoka, na wakati huo walikuwa wamebakiza methali tu. Waliomsikia walicheka. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililowafanya wengine waamini.

Zilikuwapo tamthilia zilizotafsiriwa, na mtaa mzima uliangalia hizo. Mzee Idarusi alizikataa. Mtafsiri, alisema, anapiga kelele kama muuza dawa ya kunguni; watu wanaachana, yeye anatangaza. Kwa hiyo Mselem, kijana mwenye duka la kuingiza tamthilia kwenye flashi pale Usagara, alimwekea zile mbichi zisizoguswa na mtu, na mzee akazipika mwenyewe sebuleni kwake.

Na kwa kuwa hakuelewa wanachosema, alitazama wanachofanya, na katika kutazama akavuna nadharia. Ukiona mtu anavuka barabara huku akicheka na simu, lori jeupe liko njiani. Mtoto wa tajiri lazima agonge kichwa na kusahau, na atakayesahauliwa ni yule tu asiye na mtu mwingine. Hakuna Mkorea aliyewahi kumaliza chakula. Mezani pamejaa visahani kumi na viwili, kijiko kimoja kinapanda, simu inalia, watu wanaondoka. "Ndiyo maana wembamba," alisema Bi Sabiha. Lakini nadharia kubwa kuliko zote, ile aliyoipeleka hata kwa wanywaji kahawa, ilihusu chanzo cha mateso yao.

"Hawangoji mwenzao amalize kusema," alisema. "Mmoja akifungua kinywa kueleza, mwenzake kashanyanyuka, kashashika mlango. Wangekaa dakika mbili tu zaidi, tamthilia ingeisha sehemu ya pili."

"Dakika mbili," alirudia mkewe, akinyoosha ukili kwa ukucha. "Kweli, Baba Sabra. Si nyingi."

Aliendelea kumwita hivyo, Baba Sabra, asubuhi na jioni, kama kwamba jina hilo halijapata doa. Mwenye jina alilimeza kila mara.

Sabra, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Horohoro miaka miwili na nusu iliyopita bila idhini ya babake. Posa ililetwa na watu wazima wanne wenye adabu zao. Mzee Idarusi aliwanywesha kahawa, akawasikiliza, akaikataa. Mposaji, Hatibu, alikuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani, na Mzee Idarusi alikuwa na nadharia kuhusu watu wa mpakani hata kabla hajawa na televisheni: wana nyumba mbili, moja kila upande, na mke katika kila nyumba. Sabra alijaribu kumweleza. Baba alinyanyuka, akashika mlango. Binti akaenda kwa baba yake mdogo, huyo akasimama kuwa walii, ndoa ikafungwa. Ndipo Mzee Idarusi alipoapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mbele ya majirani, kwamba Sabra hakanyagi tena kizingiti chake yeye akiwa hai. Nyumba ya pili ya Hatibu haijaonekana mpaka leo.

Jumatatu ile, tamthilia ikiwa sehemu ya thelathini, aliingia dada yake, Bi Zuwena, akiwa ametanguliza fimbo na kufuatiwa na mguu wake mbaya.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Zima hicho kitu chako, nina neno." Alikaa kabla ya kukaribishwa. "Mkeo anatolewa huyo mtoto wa jicho wiki ijayo, jicho la kwanza. Akirudi haruhusiwi kuinama, haruhusiwi moshi, na anatiwa matone mara nne kwa siku. Nani atamtia?"

"Mimi nipo."

"Lete mkono."

Mzee Idarusi hakuuleta. Miaka thelathini na mmoja ya kushika mipini ya winchi ilikuwa imeiachia mikono yake mtetemo, hata kikombe kilifika kinywani kikiwa nusu.

"Mimi na mguu huu siwezi," aliendelea Bi Zuwena. "Mwanao amenipigia. Anaomba ruhusa aje akae na mama yake mwezi mmoja. Basi linatoka Horohoro kila asubuhi, lakini hatakuja bila wewe kutamka. Anataka jibu Alhamisi, maana asipokuja yeye, itabidi siku ya hospitali iahirishwe, na nafasi nyingine wamesema mpaka baada ya Idi."

"Nimeapa, dada."

"Umeapa, na kiapo kina kafara yake. Vibaba kumi vya chakula kwa maskini kumi. Ni kazi ya asubuhi moja, Idarusi. Wewe umekaa nacho miaka miwili na nusu kama umerithi shamba."

Bi Sabiha aliendelea kusuka. Ukili ulirefuka mapajani mwake. Dada mtu alipoondoka, Mzee Idarusi aliwasha televisheni, akaongeza sauti kuliko ilivyokuwa lazima.

Kesho yake walifika sehemu ya thelathini na moja. Yule msichana wa skafu nyeupe alikuwa getini na begi lake, theluji inamwangukia mabegani. Mbele yake alisimama mzee mwenye koti jeusi, mvi zake zimechanwa vizuri, ambaye tangu sehemu ya kwanza Mzee Idarusi alikuwa amemtangaza kuwa baba wa msichana. Huko juu, nyuma ya dirisha la ghorofani, alisimama yule bwana aliyekuwa akionekana kila mara na asiseme lolote. Huyo Mzee Idarusi alimwita mpangaji.

Mzee wa koti jeusi alianza kusema, na Mzee Idarusi akasema naye.

"Nimekulea, nimekusomesha, na malipo yangu ni haya. Ukivuka geti hili, usirudi. Mimi nina neno moja."

"Kasema hivyo?" aliuliza Bi Sabiha.

"Neno kwa neno."

"Hebu rudisha."

Alirudisha. Mzee wa koti jeusi alisema tena, na Mzee Idarusi akamtafsiri tena, safari hii akimwongezea ukali kidogo, maana aliona wa kwanza ulipwaya. Bi Sabiha aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza maji yanayovuja mahali fulani ndani ya nyumba.

"Rudisha tena."

"Mama Sabra, yaleyale."

"Basi," alisema. "Nimesikia."

Sehemu za flashi ile ziliishia hapo. Jumatano asubuhi Mzee Idarusi alikwenda Usagara kuchukua nyingine. Dukani kwa Mselem palikuwa na televisheni kubwa ya kuvutia wateja, na kwenye televisheni hiyo palikuwa na theluji, geti, msichana na begi. Ilikuwa ileile, lakini iliyotafsiriwa. Mzee alitaka kucheka sauti ya yule mtafsiri. Mtafsiri hakupiga kelele. Pengine alikuwa na mafua, pengine hata yeye sehemu ile ilimshika.

"Bibi mdogo," alisema mtafsiri juu ya midomo ya mzee wa koti jeusi, "nimekupeleka shule na kukurudisha tangu una miaka sita. Leo nani atakubebea begi? Usiende. Na kama ni lazima uende, chukua koti langu, huko nje baridi."

Mzee wa koti jeusi alivua koti.

"Mselem," alisema Mzee Idarusi taratibu, "huyu baba mtu mbona anampa koti?"

"Baba yupi? Huyo dereva, mzee. Dereva wa nyumbani."

"Na baba?"

"Si ndiye yule wa juu, dirishani."

"Yule mpangaji?"

Mselem aligeuka, akamtazama kama anayetazama noti yenye rangi isiyo yake. "Mpangaji gani, mzee? Nyumba yote ya kwake. Wewe si umeshaona thelathini na moja?"

Kwenye kioo, bwana wa dirishani aliachia pazia. Pazia liliyumba mara mbili, likatulia.

Mzee Idarusi alikujua kuyumba kule. Pazia la kwake lilikuwa la maua ya zambarau, nalo lilikuwa na tabia ya kuyumba hivyo hivyo mtu akiliachia ghafla. Siku aliyoondoka Sabra, bajaji ilisimama juani kwa muda mrefu huku mwanamke mmoja, mama yake, akimfungia begi kwa kamba, akilifungua, akilifunga tena. Binti alikuwa amekabili dirisha wakati wote huo. Mtu akiwa nje juani haoni aliye ndani gizani. Hiyo ilikuwa nadharia yake siku hiyo, na aliiegemea mpaka bajaji ikaondoka. Baadaye aliwaambia wanywaji kahawa kwamba siku ile alikuwa bandarini, akiamua ugomvi wa manahodha wawili.

"Huyo baba," aliuliza, "anakuja kusema lini?"

"Nikikwambia nitakuharibia utamu," alisema Mselem, akamkabidhi flashi.

Alirudi nyumbani kwa njia ya mbali, akapitia dukani, kisha sokoni. Alipoingia sebuleni alikuwa amebeba mfuko mzito, akauteremsha karibu na mlango.

"Mama Sabra. Kuna mahali nilikosea kidogo."

"Wapi?"

"Yule wa getini si baba. Ni dereva. Kikorea cha mpishi wa meli kilikuwa cha pwani, hawa ni wa bara."

"Hm," alisema Bi Sabiha. "Na hakumfukuza."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Nilimsikia mara mbili. Mtu hafukuzi mtoto kwa sauti ile, Baba Sabra. Yule alikuwa anajikaza asilie."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nijue utamsemesha maneno yako mpaka lini." Alipapasa mwisho wa ukili, akaukunja. "Baba mwenyewe yuko wapi, basi?"

"Yuko juu. Dirishani."

"Anasema nini?"

"Hajasema kitu."

"Sehemu zote thelathini na moja?"

"Zote."

Bi Sabiha alifikiri. "Maskini," alisema, na haikueleweka anamkusudia nani.

Mzee Idarusi alikwenda jikoni, akarudi na kibaba cha bati cha marehemu mama yake, akakaa sakafuni karibu na kizingiti. Alifungua mfuko. Mchele uliporomoka ndani ya kibaba kwa mlio wa mvua inayoanza, ukafutwa juu kwa kiganja, ukamiminwa kwenye mfuko mdogo. Punje chache zilitawanyika. Mkono ulikuwa na mambo yake. Kila kibaba kilipomiminwa, vidole vya mkewe vilisimama kwenye ukili, vikangoja, vikaendelea. Viliposimama mara ya mwisho havikuendelea tena.

"Kumi," alisema Bi Sabiha.

"Tisa," alisema mumewe, kwa mazoea tu.

"Kumi. Nimehesabu."

Hakubisha zaidi. Alifunga mifuko, akaipanga mstari kando ya mlango, mmoja mmoja, akaisogeza sawasawa. Maskini kumi hawakosekani kati ya hapa na msikitini, na muda kabla ya adhuhuri ulikuwapo wa kutosha. Kesho ilikuwa Alhamisi.

"Iweke hiyo mpya kidogo kabla hujatoka," alisema mkewe.

Theluji ilirudi ukutani. Geti lilikuwa tupu, nyayo za msichana zikijazwa taratibu. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akishuka ngazi, ngazi ndefu isiyo na haraka, kisha mlango ukafunguka, na sauti ngeni ikatoka, nzito, yenye kutu, kama chuma kilichokaa muda mrefu bila kuguswa.

Bi Sabiha aliinua uso. "Sauti hii siijui. Nani huyu?"

"Ni yule wa dirishani."

"Kasema?"

"Anasema."

"Anasema nini?"

Mzee Idarusi alifungua kinywa. Bwana yule alikuwa amesimama getini bila koti, bila kofia, akiziambia maneno yake zile nyayo kwenye theluji.

"Sijui," alisema Mzee Idarusi. "Ngoja amalize."