Gari Lisiloazimika

Kitendawili. Tega. Ni changu mwenyewe, lakini wenzangu wanakitumia kuliko mimi.

Mtoto yeyote atakujibu upesi: jina. Mkunga angekujibu: gari. Na angekujibu kwa uchungu.

Mkunga lilikuwa jina la kazi, na lilimganda. Nusu ya mtaa ilipitia mikononi mwake ikiwa uchi na ikilia, kwa hiyo ilikuwa vigumu kwa mwanamume yeyote pale kumtunishia kifua mwanamke aliyewahi kumshika miguu kichwa chini. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa kelele. Sukuma mama, sukuma, usinipige teke, sukuma! Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu, Jumamosi yake bwawani, na ndoana majini. Samaki hapigi kelele. Samaki hakuamshi kukwambia maji yamemwagika.

Mwenzake wa kuvua alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mjane kama yeye, mwembamba, na mdomo wake ungeweza kuparua magamba bila kisu. Walitaniana tangu siku Mkunga alipoolewa na hawakuona sababu ya kuacha eti kwa kuwa aliyewakutanisha ameshazikwa.

Bwawa lilikuwa mbali na mji, kwa hiyo Mkunga alijifunza kuendesha akiwa tayari ana wajukuu, akanunua basi dogo la viti saba. Ubaya ulikuwa hivyo viti saba. Kila Ijumaa jioni simu ilianza. "Shangazi, shikamoo! Afya yako? Na afya kwa ujumla?" Mtu akikuuliza afya mara mbili, huyo anataka ufunguo. Lile basi lilibeba maharusi, likabeba makochi, likabeba kwaya na ngoma zake, likabeba saruji iliyopasuka njiani. Mwaka mzima Mkunga aliliona bwawa mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa picha ya kwenye kalenda.

Kunyima hakuweza. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Mdomo uliozoea kuitika "nakuja, mama, nakuja" saa yoyote haujui kutamka "hapana, gari lina kazi." Mwishowe mpwa wake alilirudisha basi likivutwa kwa kamba nyuma ya lori, akasema, "Shangazi, limeanza lenyewe kutoa moshi." Injini ilikuwa imekufa. Mkunga aliliuza kwa wauza vyuma chakavu, akajifungia chumbani akafikiri. Alipotoka alikuwa amekata shauri. Kama mdomo wake hauwezi kuwanyima watu, basi gari lenyewe litawanyima.

Hakumwambia mtu.

Kwenye yadi ya magari alikwenda na wifi, na mwanawe wa kwanza, karani wa benki, aliyejipeleka mwenyewe ili mama asiibiwe. Mkunga alibeba fimbo zake mbili za kuvulia, ndefu, za kipande kimoja. Dalali wa pale, mtu mnene mwenye miwani ya jua juu ya upara, aliziangalia akadhani wamekuja kumpiga.

"Karibuni, mama zangu! Mnatafuta gari la namna gani?"

"La kwenda kuvua samaki," alisema Mkunga.

"Nimekuelewa. Njoo huku." Akampeleka kwenye basi dogo la rangi ya fedha. "Hili hapa, mama, watu wanane! Unabeba watoto, wajukuu, majirani, wote wanaingia!"

"Ndiyo ubaya wake. Lingine."

Dalali alimtazama karani. Karani aliinua mabega.

Lililofuata lilikuwa pikapu. Dalali akalipiga kofi ubavuni kama ng'ombe wa mnada. "Hili halichoki. Kitanda, kabati, friji, matofali, weka tu!"

Mkunga aliliona kabati hilo waziwazi, pamoja na binti yake amelikalia juu akisema mama kata kushoto. "Hapana. Lingine."

"Basi hili, mama. Jeupe, safi, viti vya ngozi, likipita watu wanageuka."

"Litapambwa maua wiki hii hii," alisema Mkunga. "Mimi nitabaki nyumbani naokota riboni. Wewe, baba, huna kitu kibaya?"

"Kibaya?"

"Kizima, lakini kibaya."

Karani alimshika mama yake kiwiko. "Mama, watu huwa wanaomba kizuri."

Wifi ndiye aliyeliona. Lilikuwa kule nyuma karibu na choo, limeegeshwa peke yake kama mtu mwenye upele. Gari refu, jeusi, paa limeinuka, mapazia ya zambarau madirishani.

"Na lile?"

Dalali alikohoa. "Lile, mama, nalo linauzwa, ila... lilikuwa na kazi yake."

"Kazi gani?"

"Ya kusindikiza."

"Kusindikiza nani?"

"Wasiorudi," alisema dalali, akavua miwani.

Karani alisema, "Mama, twende nyumbani." Lakini mama alikuwa ameshafika kule nyuma na ameshafungua mlango.

Naam. Hebu tulitazame kama alivyolitazama yeye. Sakafu ilikuwa ya bati gumu, haina zulia la kunyonya maji ya samaki, unamwaga ndoo ya maji, yanatokea nyuma. Katikati kulikuwa na safu ya vigurudumu vya chuma vya kutelezeshea jeneza. Mkunga alilisukuma boksi la barafu la dalali juu yake kwa kidole kimoja, likaenda hadi mbele kama limeitwa. Pembeni kulikuwa na benchi la wafiwa lenye mto, mahali pazuri pa kufungia ndoana na kunywea chai. Mapazia yangemkinga mtu na jua la mchana. Alizichukua zile fimbo mbili akaziingiza. Ziliingia zote, na nafasi ikabaki.

"Urefu unatosha?" aliuliza.

"Ngoja," alisema wifi, akavua viatu, akapanda, akajilaza chali juu ya vigurudumu, mikono kifuani. Alifumba macho. Karani alitazama pembeni.

"Vipi huko?" aliuliza Mkunga.

"Panatosha. Ila mto hakuna."

"Wateja wake hawakuwahi kulalamika," alisema dalali, kisha akajuta.

"Injini?"

Hapo dalali alichangamka. "Mama, ukweli wa Mungu, hakuna gari kwenye yadi hii lenye injini kama hii. Limeendeshwa polepole tangu linunuliwe. Nani alikuwa anaharakisha? Na fundi alilikagua kila wiki, maana gari hili likizima barabarani na mzigo wake, ni kesi ya ukoo mzima."

"Mama," alisema karani, "watu watasema nini?"

"Hicho ndicho ninachotaka kusikia," alisema Mkunga. "Baba, funguo ziko wapi?"

Kesho yake ukoo ulikutana sebuleni kwake. Kikao kiliitishwa na shemeji yake, kaka mkubwa wa wifi, aliyeitwa Mwenyekiti. Hakuna aliyewahi kumchagua. Alizoea tu kukaa kiti cha peke yake na kusema "naomba tuanze," na watu wakaanza.

"Naomba tuanze," alisema. "Shemeji, jambo lililotukutanisha limeegeshwa hapo nje."

"Lina nini?"

"Shemeji! Lile ni gari la maiti!"

"Wote walishashuka, kaka," alisema wifi, akipuliza chai yake.

Mpwa, yule wa kamba na lori, alicheka akaacha upesi. Mwenyekiti alipangusa paji la uso. Alisema majirani wameshaanza kuja kutoa pole. Alisema mama mmoja ameleta sufuria ya wali. Alisema jina la ukoo. Kisha akalainisha sauti, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

"Tumezungumza, tumekubaliana. Hilo lirudishwe. Sisi wote hapa tutaongezea, tukuchukulie basi dogo jipya. Viti saba. Lenye kiyoyozi. Tunakupenda, shemeji."

Binti yake alimshika mkono. "Kweli, mama. Tunakupenda."

Walimtazama wote kwa macho ya upole, na wengi wao alikuwa amewakata vitovu kwa mikono yake mwenyewe. Mkunga alihisi mdomo wake unafunguka wenyewe. Neno "haya" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Wifi aliacha kupuliza chai.

"Na Jumamosi," alisema Mkunga, akilimeza lile neno kwa shida kama kidonge kikubwa, "Jumamosi litakuwa la nani?"

"Lako, mama!" alisema binti. "Lako kabisa. Ila Jumamosi hii kuna ile harusi. Na inayofuata nahamisha kabati. Ikipita hiyo..."

"Ikipita hiyo timu yetu ina mechi ya ugenini," alisema mpwa.

"Ikipita hiyo ni lako," alisema binti.

Mkunga aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa ufunguo, akauweka mezani katikati ya vikombe. "Mbona mnahangaika? Gari lipo. Mapazia lina, benchi lina, kabati linaingia, hata bi harusi anaingia akilala. Nani analitaka Jumamosi?"

Mpwa alisogeza kikombe chake kisigusane na ufunguo.

"Mwanangu? Kabati lako?"

"Nitatafuta mkokoteni, mama."

"Timu?"

"Tutapanda basi, shangazi."

Mkunga aliurudisha ufunguo mkobani. Mwenyekiti alisema kikao kimeahirishwa.

Jumamosi ile, alfajiri, Mkunga na wifi walitoka. Barabara ambayo siku zote ilikuwa matusi na honi ilifunguka mbele yao. Malori yalikaa pembeni. Dereva wa teksi, aliyekuwa ameshatoa kichwa dirishani atukane, alikirudisha ndani. Askari wa kwenye makutano aliwasimamisha wengine wote akawapigia saluti, na Mkunga akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni inayostahili.

"Endesha polepole, wifi," alisema mwenzake kutoka benchini, akifunga ndoana. "Usiharibu heshima ya marehemu."

"Marehemu gani?"

"Kambare. Bado hajajua."

Kwenye lango la bwawa mlinzi alivua kofia, akainamisha kichwa, akawafungulia bila swali. Wifi alivuta pazia akamwambia, "Asante, mwanangu, Mungu akuzidishie," na mlinzi alikwenda kinyumenyume mpaka akakaa kwenye beseni la mtu. Walikuta kivuli kizuri kwenye mawe hakijachukuliwa, na hakikuchukuliwa na mtu siku nzima. Wavuvi wengine walihamia ng'ambo. Mkunga na wifi walivua perege ndoo nzima na kambare mmoja mwenye sharubu kama za Mwenyekiti. Saa za mchana Mkunga alilala nyuma ya gari, mapazia yamefungwa, upepo unapita. Hakuna aliyemwita. Aliamka akiwa hakumbuki mara ya mwisho alipolala mpaka usingizi ukaisha wenyewe.

Wakafanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Simu ya Ijumaa ikanyamaza.

Kisha asubuhi moja, wakipakia, walimwona Mwenyekiti akija peke yake, kofia mkononi, akitazama nyuma kama mtu anayekwenda kununua pombe. Mkunga aliweka ndoo chini. Alimjua mtu anayekuja kuazima kwa mwendo wake tu.

"Shikamoo, kaka," alisema wifi.

"Marahaba. Shemeji, hamjambo? Afya yako?"

"Nzuri."

"Na afya kwa ujumla?"

Mkunga alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. "Sema, shemeji."

Mwenyekiti alilizunguka gari lote. Aligusa vigurudumu. Aliinama akanusa.

"Linanuka samaki."

"Ndiyo."

"Nimekuwa nikifikiri," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ya kikao. "Mimi sasa mtu mzima. Juzi tulimsindikiza mwenzangu mmoja kwenye pikapu ya matofali. Kila tuta, anaruka. Nikasema, mimi sitaki kurukaruka." Akaizungusha kofia mikononi. "Ningependa niwekewe hili. Siku ikifika. Liandikwe kwangu."

Mkunga aliuachia mlango taratibu.

"Nitakuwekea," alisema Mkunga. "Na sikuombi kitu, ila uitishe kikao. Uwaambie, kwa sauti yako ile, kwamba gari hili halipokei ombi la mtu aliye hai. Si sasa, si watakapolizoea, si hata likipakwa rangi nyeupe."

Mwenyekiti alinyooka. Hilo aliliweza. "Litatamkwa Jumapili. Litaandikwa."

"Na jingine. Usife karibu na Jumamosi."

"Shemeji, hayo ni mambo ya Mungu."

"Basi mwombe. Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumatano sina neno."

Mwenyekiti alihesabu kwa vidole, kama ajenda. "Na ikitokea Alhamisi? Alhamisi usiku? Maziko si yataangukia Jumamosi?"

"Utasubiri Jumapili," alisema Mkunga, akiisukuma ndoo ya nyungunyungu ndani. "Tutakuweka kwenye barafu na perege. Una haraka ya kwenda wapi?"

Mwenyekiti alilifikiria hilo kwa dhati, kisha akakubali kwa kichwa.

"Sogea, kaka," alisema wifi, akipanda benchini na kuvuta pazia. "Unatuchelewesha."