Shangazi Juu ya Sanduku

Dada yangu Kokugonza ana mwili, tena anajivunia. Na katika ukoo wetu, bibi harusi akitoka, shangazi hulikalia sanduku lake mpaka wakwe watoe kitenge. Kwa hiyo binti yangu Joviana alipokataa mabegi ya magurudumu ya madukani Kayanga, akataka sanduku la bati la mkono wa baba yake, nilifurahi sana. Halafu nikamkumbuka dada.

"Bati?" Kokugonza akacheka. "Telesfori, likibonyea mbele ya wakwe usinilaumu. Mimi sipunguzi matoke kwa ajili yako."

Yaliniuma. Tangu niache kulima kahawa nikafungua karakana ya bati hapa Bugene, ananiita fundi koroboi. Lakini asikalie yeye, akalie nani? Mama yake Joviana alipofariki, yeye ndiye aliyemlea.

Sasa, bati tambarare ni jivivu. Ukilibonyeza katikati linaitika "bwaa!" kisha linalala. Mpaka ulikunje ndipo lipate mgongo. Mfuniko nikaupiga mikunjo miwili, kona kwa kona, ikapishana katikati. Kingo zake nikazikunjia juu ya waya mnene. Mbavu za sanduku nikazinasisha, ukingo ndani ya ukingo, nikazigonga kwa nyundo ya mti mpaka zikalala, kisha nikatia ribiti kwenye kona. Lehemu sikutumia. Lehemu huzuia maji, haibebi shangazi.

Siku ya siku, Kokugonza akaja kutoka Nyabiyonza na gauni la kumeremeta, akajitupa juu ya sanduku kwa makusudi kabisa. Roho ikaniruka.

Bati halikusema kitu. Usione vyaelea, vimeundwa! Nusura nipige vigelegele mwenyewe.

Bwana harusi, Elipidius, akaleta kitenge. Dada akakipokea, akakitandika mapajani, hakuinuka. Wakaleta cha pili. Watu wakacheka, nami nikacheka, mpaka nilipomtazama usoni. Nikainama.

"Dada, inuka. Gari linangoja."

"Kwa nini umelifanya gumu hivi?" akanong'ona, machozi yakimtoka. "Lingebonyea, wangengoja utengeneze jingine. Ningekaa na Joviana hata wiki moja tena."

Siku zote zile nilikuwa nawaza bati tu, binti mwenyewe sikumuwaza. Uchungu ukanijia wote kwa mkupuo.

Nikamwambia asogee kidogo, nikakaa naye. Wakwe wakasubiri.