Krosi ya Mbele

Fundi Hermani alilala chali chini ya pikapu iliyoegemea ubavu kwenye tuta kando ya barabara, pale Mogitu, akatazama mara moja tu na kumjua aliyeiangusha. Ni yeye mwenyewe.

Pikapu ilikuwa ya Mzee Shumbana, mfanyabiashara wa Katesh. Juzi ililetwa gerejini kwa Hermani ikigonga chini kila dereva akibadili gia. Ugonjwa wa kawaida kabisa: krosi zimekwisha, vile vichuma vya mikono minne vinavyoishika mbele na nyuma propela, lile bomba la chini linalozungusha magurudumu ya nyuma. Dereva, Gidahosh, alikuja na mbili mpya ndani ya boksi. Ya nyuma Hermani aliifunga vizuri. Ya mbele, kikombe kimoja cha kushikia mkono wake kiliingia kimepinda, na yeye, badala ya kukitoa taratibu, akaongeza nyundo. Kikapasuka.

Hapo mtu mwenye akili zake angesema, "Jamani, nimeharibu, tuagize nyingine Babati." Lakini huyu Hermani, anayeshinda akiwacheka mafundi wa jirani, angeanzia wapi kusema hivyo mbele yao? Akaokota krosi ya zamani, akaigeuza ili upande ambao haujaliwa ndio ubebe mzigo, akaijaza grisi. Mafundi hufanya hivyo kumsogeza mtu afike nyumbani, na humwambia. Hermani hakusema kitu.

"Zote mpya, mdogo wangu," alimwambia Gidahosh. "Wewe kanyaga tu."

Basi leo propela imechomoka mbele, imechimba lami, gari limerushwa pembeni na maharage ya mzee yaliyopakiwa yamemwagika hadi shambani kwa watu. Gidahosh alikuwa amekaa kwenye majani, mkono umevunjika, umefungwa kwa kitenge cha mama mmoja mpita njia. Na katika maumivu yale, Hermani alipofika, bado alimwamkia: "Shikamoo, kaka."

Sasa akiwa kule chini Hermani alimsikia Shumbana, aliyekwisha kufika, akimfokea dereva wake.

"Ulikunywa?"

"Hapana, mzee."

"Basi ulikimbiza. Gari limetoka gereji juzi tu. Mkono ukipona, tafuta gari la mtu mwingine."

Gidahosh ana mke na watoto kule Hirbadaw, na hana kazi nyingine anayoijua.

"Gari halina kosa, mzee," alisema. "Krosi nilinunua mwenyewe, kaka Hermani akafunga. Labda ni mwendo. Ndiyo, nilikimbiza kidogo."

Aibu ilimpanda Hermani mpaka masikio yakawaka. Krosi ilikuwa mkononi mwake, imekatika. Akiificha, nani atajua? Na tusimsafishe mtu bure: aliitia kabisa mfukoni mwa ovaroli, ndipo akatambaa kutoka.

"Fundi," Shumbana akamwuliza, "ni mwendo, au siyo?"

Watu wa Mogitu walikuwa wamejaa, wote wanamtazama. Gidahosh naye alimtazama, tena kwa unyonge, kama yeye ndiye mwenye kosa.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Nimekuharibia kazi yako."

Hermani angeweza kuvumilia tusi. Angevumilia hata ngumi. Hilo la kuombwa msamaha lilimshinda, akautia mkono mfukoni na kuitoa ile krosi.

"Siyo mwendo, mzee. Hii ya mbele ni ya zamani. Mpya niliivunja kwa nyundo, nikaona haya kusema."

Shumbana alikitazama kile chuma, kisha akageukia maharage yake. Gidahosh ndiye aliyesema, polepole, na hakumwangalia fundi.

"Mzee, sikukimbiza. Nilikubali kwa sababu nilijua huyu hawezi kunidanganya."

Kulikuwa na gari linasubiri kumpeleka hospitali. Hermani akajifuta grisi haraka haraka kwenye ovaroli, akainama, akamnyooshea mkono ili amwinue. Gidahosh aliuona. Akampa Mzee Shumbana mkono wake mzima, akainuliwa naye.