Kapteni Aliyetazama Nyuma

Damari Kalinga alikuwa hatulii hata akiwa amekaa. Pale Uyole, kwenye kibanda chake cha ushonaji, wateja walishazoea kupimwa kiuno na mtu anayetembea. Lakini Jumamosi hiyo, ndani ya gari la rafiki yake Alisha lililokuwa likiteremka Tukuyu kuelekea ziwani, alizidi. Alifungua dirisha, akalifunga. Alivua kandambili, akazivaa. Alipoanza kuhesabu migomba kwa sauti, Blandina, rafiki yao aliyekaa siti ya nyuma, akamshika bega.

"Fundi, tunakwenda kuvua samaki. Hatuendi mahakamani."

"Afadhali mahakamani. Kule mtu anapangiwa tarehe ya hukumu."

Ingawa na yeye tarehe alikuwa nayo: mwisho wa mwezi. Mama mkwe wake alifariki mwaka jana, na baba mkwe akabaki peke yake Matema, kwenye nyumba iliyo kilimani katikati ya kokoa. Mwezi wa tatu mzee aliteleza bafuni, akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipomsikia saa saba mchana. Ipyana, mume wa Damari, alimsihi mara nne aje kuishi nao Uyole. Mara nne mzee akakataa. Sasa Ipyana alikuwa ametamka: baba asipopanda kufikia mwisho wa mwezi, yeye atashuka kukaa naye.

"Na mimi?" Damari aliuliza siku hiyo.

Ipyana akarudi kwenye milango yake ya chuma, akaendelea kuchomelea.

Maana hapo ndipo penye ugumu. Kwa Wanyakyusa wa ukoo ule, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawapishani njiani, na jina la mzee mkamwana halitamki hata akiota. Damari, Mhehe wa Nyololo, alikuwa na miaka mitatu ya ndoa na hajauona uso wa baba mkwe wake. Alimjua kwa mgongo tu: koti la kahawia, kofia ya sufu, hatua za haraka za mtu anayewahi kupotea kwenye kona. Na kwa kuwa Ipyana alimwambia mkamwana mwenye heshima hasikiki, basi yeye, ambaye kicheko chake kinavuka barabara kuu na malori yakiwa yanapita, akifika ukweni alinong'ona. Chumvi aliiomba kama mtu anayeungama dhambi.

Safari ilikuwa wazo la Alisha, ambaye familia yake ina duka la vipuri mjini Mbeya. Babu yake alimwachia fimbo mbili za kuvulia, ndefu, zenye gurudumu la uzi, na Alisha alikuwa amechoka kuziona zikining'inia juu ya kabati. Akamtafuta kijana mmoja wa Matema, Lugano, mwenye boti ya injini anayokodisha kwa wavuvi wa starehe. Damari alisita, kisha akamwuliza Ipyana kama hatakutana na mzee. Ipyana akacheka. "Baba? Ziwa ameliacha tangu msiba. Yuko kwenye kokoa zake."

Walipofika ufukweni, Lugano hakuwepo. Alikuwa ametuma ujumbe: amepata msiba Ipinda, boti itaendeshwa na mzee mmoja anayelijua ziwa kuliko yeye.

Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye kaptula na fulana ya timu ya mpira iliyofifia hadi timu ikakosa jina. "Niiteni Kapteni," alisema. "Vaeni maboya. Asiyevaa nitamfunga kamba kama mbuzi."

"Kamwene, Kapteni!" Damari akamsalimia Kihehe kwa makusudi.

"Loo, Mhehe! Huyu akae katikati, asije akaanzisha vita na viboko."

"Na wewe Mnyakyusa ukae karibu na ndizi, usije ukalia njiani."

Mzee akacheka mpaka akashika injini. Kuanzia hapo hawakunyamaza. Kapteni alikaa nyuma kabisa, mkono kwenye usukani wa injini. Damari akakaa katikati akimtazama yeye, fimbo mkononi, kwa sababu chambo hukokotwa nyuma ya boti. Alisha alikaa ubavuni pake. Blandina alikaa mbele kabisa, na baada ya dakika kumi za mawimbi akaning'iniza kichwa nje ya boti, akaachana na mambo ya dunia.

"Tunatafuta mbasa," Kapteni akaeleza. "Samaki wa fedha, mwenye hasira. Akishika chambo usivute kama unavuta ng'ombe. Mpe uzi, mnyang'anye uzi."

"Kama mume," Damari akasema.

"Wewe Fundi, mumeo ana kazi!"

Walikula ndizi za kuchoma kwenye sahani moja. Mzee alimtania kuhusu baridi ya kwao Mufindi, naye akamtania kuhusu fulana. Damari alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Hata miguu yake ilitulia. Ndipo Alisha akauliza, kwa kupitisha muda tu:

"Kapteni, una watoto?"

"Ninaye mmoja, yuko Uyole. Fundi wa milango ya chuma. Kila wiki ananipigia, baba njoo, baba njoo."

Damari akairudisha ndizi kwenye sahani.

"Sasa si uende?" Alisha akasema.

"Nitaendaje, mwanangu? Hapa nimerudi ziwani kimyakimya, yeye hajui, kwa sababu nyumba ile ikinyamaza naona kama itanila. Lakini kule kuna mkamwana wangu. Binti wa watu, mpole ajabu! Hana sauti. Hata kukohoa anaomba ruhusa. Nikiingia mle ndani, atajifungia chumbani kama kuku anayeatamia, na hatasema neno. Nitamuua yule mtoto kwa upole wake. Bora nife na kokoa."

Alisha alimgeukia Damari apate kucheka naye. Damari hakuwa anacheka. Alikuwa ameshavuta khanga kutoka mabegani, amejifunika nayo kichwa mpaka puani, amejikunja chini ya kiti, magoti yamekutana, uso umeelekea ubavu wa boti. Hakufikiri. Mwili ulifanya wenyewe, kama ulivyofanya miaka mitatu nyuma ya jiko la ukweni.

Mzee aliuona mkao ule. Hakuna mwanamke anayekaa vile mbele ya kapteni wa boti. Mwanamke hukaa vile mbele ya mtu mmoja tu duniani.

"Huyu Fundi," akauliza polepole, "anakaa wapi?"

"Uyole," Alisha akajibu. "Mumewe naye ni fundi wa milango ya..." Akaziba mdomo.

Kapteni akageuka palepale, akawapa mgongo, macho kwenye maji ya nyuma. Boti ya mita sita, ziwa lote lile, na hakuna kona ya kupotelea.

Wakati huohuo fimbo ikajikunja na uzi ukaanza kulia.

Damari aliidaka fimbo kabla haijaruka majini. Samaki alikuwa nyuma ya boti, na hakuna namna ya kumvua bila kuelekea huko, yaani kuelekea mgongo wa baba mkwe. Akaipandisha khanga hadi kwenye nyusi, akakaza miguu. Mzee alipunguza injini bila kugeuka.

"Mwambie huyo mwanamke alegeze uzi," akamwambia Alisha.

"Anasema ulegeze," Alisha akasema.

"Mwambie nimelegeza," Damari akanong'ona.

"Anasema amelegeza!"

"Mwambie sasa avute. Taratibu. Ainue fimbo, asiinue kifua."

"Jamani," Alisha akalia, "mko mita mbili! Kwani mimi mnara wa simu?"

Mbasa aliruka. Fedha tupu, mrefu kama mkono wa mtu mzima, akaanguka na kishindo. Mzee akapiga paja kwa furaha, kisha akajizuia. Damari alitaka kupiga kelele mpaka mbavu zikamuuma. Akaimeza kelele, ikarudi, akaimeza tena. Alijua samaki anamjia. Alijua pia kwamba ufukweni mzee atashuka bila neno, atapanda kilimani, na hiyo itakuwa mara ya tano kukataa. Ipyana atafunga begi.

Ndipo alipopata wasiwasi wa jambo dogo: nani anaangalia mbele?

Kapteni anatazama nyuma. Yeye anatazama nyuma. Alisha anawatazama wao. Blandina anatazama alichokula asubuhi. Damari akageuza shingo. Milima inayoshuka moja kwa moja ziwani ilikuwa imewafikia, na mwamba mweusi, wenye ukubwa wa trekta, ulikuwa unakuja taratibu kama mgeni anayejua njia.

"BABA! MAWE!"

Sauti ile ilikwenda ikagonga mlima ikarudi. Hata Blandina aliinua kichwa. Mzee aligeuka, akamwona uso kwa uso, khanga ikiwa mabegani, akasokota injini kwa mikono miwili. Boti ikalala ubavu, mwamba ukakwaruza rangi, na boti ikapita. Pangaboi la injini likaukata uzi. Fimbo ikanyooka, nyepesi.

Mbasa akaenda zake.

Mzee akazima injini. Akageukia tena maji ya nyuma, mabega yakaanza kutikisika, na Damari akadhani analia.

"Mwulize huyo mwanamke," akamwambia Alisha, akifuta macho kwa fulana, "sauti hiyo ameipata lini."

"Mwambie nimezaliwa nayo."

"Mwulize mbona miaka mitatu ananong'ona kama mwenye homa."

"Mwambie mwanawe alisema ndiyo heshima."

"Mwanangu hajui kitu!" Mzee alikuwa amesahau kumtumia Alisha. "Mkamwana asiyesikika nitamkwepaje? Nitatoka chumbani nimkute mlangoni, nife kwa aibu! Anayesikika, ninajua yuko jikoni, mimi napita zangu." Akakumbuka, akashusha sauti. "Mwulize nyumba yao ina milango mingapi."

"Mmoja," Damari akasema.

"Fundi wa milango! Mlango mmoja!" Akavuta kamba ya injini. "Mwambie mumewe atoboe wa pili, kwa nyuma. Nitakuja uvunaji wa kokoa ukiisha. Na huyo mwanamke asinyamaze hata siku moja."

"Uvunaji unaisha lini?" Damari akamwuliza Alisha kwa sauti kubwa.

"Wiki ijayo," mgongo ukajibu.

Njia nzima ya kurudi, Damari alifungua dirisha na kulifunga. Blandina alimwomba atulie, hakutulia. Mtandao ulipopatikana, alipiga simu kabla gari halijamaliza kona.

"Ipyana? Hapana, samaki hatukupata. Sikiliza. Ukuta wa nyuma, pale karibu na jiko, ni tofali au ni udongo? Basi usilale. Tafuta nyundo."