Kilio cha Malkia Sokoni Chwele

Katika kundi la maigizo la Mwalimu Jotham, hakuna aliyemfikia Aziz kwa kulia. Mchana alishona nguo kwenye kibanda cha baba yake, mzee Osman, karibu na msikiti wa Kitale. Jioni alivaa gauni alilolishona kwa mkono wake mwenyewe, akawa malkia.

Si kwamba wanawake walikosekana. Jotham, mwalimu mstaafu wa fasihi, alikuwa na wazimu wake. Alikuwa akisema kwamba Uingereza ya miaka mia nne iliyopita, kila malkia wa jukwaani alikuwa mwanamume, mchezo ulichezwa jua likiwaka, na makabwela walisimama wakiwazunguka waigizaji, wakitafuna njugu, wakizomea, wakilia.

"Hadhira ya siku hizi imekufa," alisema. "Inakaa kwenye viti kama iko kanisani. Mimi nataka ile inayoweza kukutemea mate."

Basi akatunga mchezo kwa mtindo huo. Ndugu wawili wanagombea ardhi ya baba yao mfalme, na mwana wa pekee wa malkia, mke wa mmoja wao, anauawa kwa ajili ya ardhi hiyo. Malkia anamlilia. Halafu ngoma inapigwa, na wote, waliouawa kwa waliowaua, wanainuka kucheza. Ndivyo walivyomaliza wachezaji wa zamani zile, Jotham alieleza, ili watu wasirudi nyumbani na maiti vichwani mwao.

Katikati ya mwaka 2008 alitangaza kwamba mchezo utapelekwa Chwele, siku ya soko.

Aziz alisita. "Mwalimu, Chwele ni chini ya mlima. Watu wa huko wametoka kwenye vita vya mashamba juzi tu. Tuwachezee hayo hayo?"

"Ndiyo sababu tunaenda."

Aziz hakubisha tena. Moyoni naye alikuwa na uchu wa kuwaona watu wasiojua kukaa kimya.

Na kweli hawakukaa kimya. Pikapu ilipowashusha kando ya zizi la mnada wa ng'ombe, watu walijaa kabla ngoma haijalia mara mbili. Hapakuwa na jukwaa, hapakuwa na pazia. Duara la vumbi tu, na watu wa mbele wangeweza kuugusa mkono wa mwigizaji. Aziz alipoingia na gauni lake, soko zima lilipasuka kwa kicheko.

"Ati huyu ni bibi ya mfarme? Angaria hiyo miguu, bana!"

"Malkia, kuja nikuoe na ng'ombe mbili!"

Gunzi la mahindi likampata begani. Aziz aliendelea. Alimbembeleza mwanawe asiende vitani, na kicheko kikapungua. Kijana Kevin, aliyeigiza mwana huyo, alipochomwa mkuki na ami yake, mtu fulani nyuma alimtukana muuaji kwa hasira ya kweli. Kisha Aziz akapiga magoti kando ya maiti, akaanza kulia kama alivyojizoeza: chini kwanza, kama mtu anayeumwa na jino, halafu juu, juu zaidi, mpaka sauti ikakatika.

Soko likanyamaza. Hata madalali wa mifugo waliacha kuita bei.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga za managu alisimama. Alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akaingia kwenye duara. Watu wakampisha.

"Mama," Aziz alimnong'oneza, "huu ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo, kijana. Mimi sina wazimu." Alisema polepole, kwa Kiswahili cha mtu wa mlimani. "Mtoto wangu walimtoa nyumbani usiku. Mpaka leo sijaonyeshwa hata mfupa. Wacha nifunike huyu."

Akamfunika Kevin kuanzia usoni hadi magotini. Akamtengeneza mikono, mmoja juu ya mwingine. Akaketi chini kwenye vumbi, akaanza kuimba kwa lugha yake, taratibu, na Aziz hakuelewa hata neno. Mama wa pili akaja na sweta yake. Wa tatu akaja mikono mitupu, akaketi tu. Wanaume walivua kofia. Aziz alikuwa akilia bado, na hakujua tena kilio kile ni cha nani.

Alipoinua macho alimwona Jotham kando ya pikapu, uso umemng'aa kama wa bwana harusi. "Hii ndiyo hadhira!" midomo yake ilisema. Kisha akamwashiria mpiga ngoma.

Aziz alitikisa kichwa. Alitikisa tena, kwa nguvu. Ngoma ikalia.

Kevin, chini ya leso, alisikia ngoma akafanya alivyofundishwa. Aliruka juu kwa mguu mmoja, mikono hewani, akicheka. Leso ikaanguka, akaikanyaga.

Yule mama alianguka kinyumenyume. Alimtazama kijana yule akicheza, mara moja, mara mbili, mpaka Kevin mwenyewe alipoona nyuso za watu akasimama.

"Ameamka," mama akasema. "Wenu ameamka."

Wanawake wakamwinua, wakamwondoa. Aziz aliinua gauni akawakimbilia hadi kwenye vibanda vya mboga.

"Mama, nisamehe. Nisamehe, mama yangu."

Mama aligeuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja Aziz. "Ulilia vizuri sana," alisema. "Nilidhani na wewe umefiwa." Kisha akaenda zake.

Siku ya soko iliyofuata Aziz alirudi Chwele peke yake. Wauza mboga walimwambia mama yule anaitwa Jerono, na kwamba hajaonekana tangu siku ile. Labda amekwenda kwa ndugu zake Saboti, walisema. Alikwenda Saboti pia. Akina Jerono walikuwa wengi, na hakuna aliyekuwa yeye.

Jotham aliona wamefanya kazi kubwa kuliko zote maishani mwake, akataka kuupeleka mchezo Bungoma mjini. Siku ya mazoezi Aziz alipiga magoti kando ya Kevin, akafungua mdomo, akaufunga. Wakamngoja. Aliinuka, akavua gauni, akaliacha pale sakafuni. Bungoma malkia alikuwa mtu mwingine, na hadhira ilipiga makofi.

Mwaka uliofuata Khairunisa, mama yake Aziz, aliugua akafariki. Walipokwisha kumkafini, Mulki, dada yake, alimshika mabega.

"Lia, Aziz. Usijikaze hivyo, mama ameenda."

Aziz alitaka kulia. Alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilianzia chini, kama mtu anayeumwa na jino, ikaanza kupanda palepale alipoizoeza kupanda. Akaiziba kwa kiganja.

Nje wanaume walikuwa wakiita jeneza libebwe. Alitoka, akatia bega chini ya mti wa mbele wa jeneza, macho makavu, na njia nzima hadi makaburini majirani walinong'onezana kwamba mtoto yule hakuwahi kumpenda mama yake.