Kamba ya Nzohe

Absalom Wakhungu hakuwa mtu wa kufurahia kitu kabla hajakikagua. Picha ilipotokea kwenye sinia ya dawa, katika chumba cha giza nyuma ya studio yake mjini Bungoma, aliisuuza, akaitundika ikauke, akaenda kula. Aliporudi ndipo alipokubali kwamba hajawahi kuona picha ya mnyama iliyo bora kuliko ile.

Ilikuwa ya nzohe dume, swala wa kinamasini ambaye watu wengi wa Kitale huzaliwa na kuzeeka karibu naye bila kumwona. Alisimama ndani ya maji hadi magotini, kichwa kimegeuka, jua la asubuhi limemshika pembe moja na ukingo wa sikio. Kidevuni lilining'inia tone la maji.

Mwaka huo, 1953, ofisi moja ya serikali Nairobi ilikuwa inatafuta mpiga picha Mwafrika. Sharti lilikuwa moja: mwombaji apeleke picha ya mnyama wa mwituni aliyoipiga mwenyewe. Absalom alikuwa amepiga maharusi, wazee wa kanisa na watoto wachanga wa Bungoma mpaka amechoka, na aliitaka kazi ile kuliko alivyopenda watu wajue.

Nzohe huyo hakuwa amepigwa picha kwa mkono. Absalom alikuwa ameifunga kamera kwenye kigingi kando ya kinamasi nje ya Kitale, akapima umbali, akarekebisha lenzi, kisha akatandaza uzi kukatiza njia ya mnyama, ncha yake imefungwa kwenye kifyatulio. Mnyama akiusukuma uzi, anajipiga picha. Absalom mwenyewe alikwenda kulala kwa binamu yake mjini, na asubuhi alikuta kamera imefyatuka. Swali la mkono alikuwa amekwisha kulitatua: vipimo vyote ni vyake, basi picha ni yake.

Sasa alichukua kioo cha kukuzia ili atafute dosari kabla Nairobi haijaitafuta. Akauona uzi. Ulikatiza njia vilevile alivyouacha, umenyooka, umejaa umande kama ushanga. Hakuna aliyeugusa, nzohe alikuwa mbali nao, majini. Lakini kwenye pembe ya chini ya picha ilipita kamba nyingine, nene, ya katani, ambayo Absalom hakuifunga.

Kesho yake alipanda lori la mahindi hadi Kitale.

Shamba la wimbi lililopakana na kinamasi lilikuwa la Jelimo, mjane ambaye wote pale walimwita Mama Kibiwott. Alikuwa ameketi juu ya jukwaa lake la kuwingia ndege. Kamba za katani zilitoka jukwaani zikatawanyika pande zote, kila moja na makopo yake. Akivuta moja, makopo yanalia, ndege wanaruka.

"Mwalimu amerudi," alisema bila kushuka. Absalom hakuwahi kufundisha. Ualimu huo alipewa kwa sababu ya miwani. "Ati hiyo mashine yako ilipata nyama?"

"Ilipata. Mama Kibiwott, ulivuta kamba?"

"Mimi navuta kamba kutwa. Uliza ndege."

"Nasema kamba ya kamera."

"Mimi sijagusa mtego wa mtu."

Alilisema upesi mno. Absalom hakubishana, alimpa picha. Mwanamke aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga.

"Si ni yeye," alisema. "Hapa alikuwa anarudi."

"Anarudi kutoka wapi?"

"Kwa uzi wako. Alifika, akanusa, akarudi kwa maji."

Jelimo alishuka jukwaani, akaeleza. Kwao, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mtego una mwenyewe. Anayeugusa kabla mwenyewe hajafika ni mwizi, hata kama alikuwa anasaidia. Hulipa ukoo mbuzi, na jina la wizi humbakia.

"Lakini huo uzi ulikuwa wa bure," alisema. "Huyo hapiti penye harufu ya mkono. Mimi ananijua, ananiona hapa kila siku. Nikaunga kamba yangu kwa mashine. Asubuhi akatoka, nikangoja."

"Ulingoja nini?"

"Ageuke. Nani anataka kuona matako ya mnyama? Akageuka, nikavuta. Halafu nikafungua kamba yangu, nikakaa kimya."

"Basi picha ni yako."

"Wacha mchezo, bana. Mtego wako, mnyama wako."

"Mtego hauchagui. Wewe ulichagua."

"Na kama nzohe angejivuta mwenyewe, ungeandika jina la nani?"

"Langu."

"Si unaona? Nzohe akikusaidia, picha ni yako. Mimi nikikusaidia, unaikataa. Mimi ni mbaya kuliko nzohe?"

"Nzohe hajui picha ni nini."

"Hata mimi sikujua, mpaka leo."

Absalom alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Sikia," Jelimo alisema, sasa kwa sauti ya mtu anayepatanisha majirani. "Sema ulinituma. Kwetu, aliyetumwa na mwenye mtego si mwizi. Ni mkono wa mwenyewe. Nairobi wanataka mkono wako? Ndio huu. Wewe unapata kazi, mimi sidaiwi mbuzi."

Ilikuwa hoja nzuri. Absalom aliipima upande huu na upande ule, akaona inasimama kila mahali isipokuwa mahali pamoja.

"Sikukutuma."

"Nani anajua?"

"Wewe na mimi."

"Sisi ni wawili tu, mwalimu."

"Tunatosha."

Jelimo alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekataa chumvi. "Basi jina langu usiandike popote. Shemeji yangu anajua kusoma, na anapenda mbuzi."

Absalom aliahidi. Tangu siku hiyo alishinda matopeni, amejifunika mafunjo, kidole kwenye kifyatulio, mbu wakimla. Hakutega uzi. Mara moja tu mnyama alitokea, na Absalom alibonyeza mara ile ile, kwa hofu ya kumkosa. Akarudi Bungoma kuisafisha filamu.

Siku chache kabla maombi hayajafungwa, alipita tena shambani. Alimkabidhi Jelimo ile picha ya kwanza, kubwa, bila jina mbele wala nyuma, na filamu yake ndani ya karatasi.

"Ni yako. Itundike ndani, shemeji asiione."

Jelimo aliipokea. Kisha akaiona bahasha ya Nairobi kwapani mwa Absalom. "Na hiyo?"

Absalom aliifungua, akamwonyesha. Ilikuwa na mafunjo mengi, na katikati yake kitu cheusi cha mviringo.

"Hii ni nini?"

"Mgongo wa nzohe."

Jelimo aliitazama kwa adabu. "Si ungengoja ageuke."

"Najua," Absalom alisema. Aliilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akashika njia ya posta.